Mlango wa Saba Kutoka Mwisho

Fundi ndiye mtu pekee niliyewahi kumsikia akigombeza mlango. Alikuwa amesimama mbele ya choo cha kambi yetu ya wachumaji chai, brashi mkononi, anauambia, "Nimekupaka mara mbili umekunywa yote, na bado unadai. Kwani wewe ni mchanga?" Akaupaka mara ya tatu, akarudi nyuma hatua nne, akafumba jicho moja, akatabasamu kama mzazi ambaye mtoto wake ameitwa mbele kuchukua zawadi. Ndani ya choo kulikuwa na mtu.

"Fundi, mimi nimemaliza!"

"Ngoja ikauke."

Huku kwetu kwenye majani chai, karibu na Mogogosiek, mafundi ni wengi. Wa baiskeli ana jina lake, wa redio ana lake, wa viatu hata la ubatizo analo. Huyu wa rangi alikuwa Fundi tu. Hata mkewe, mpaka alipofariki, alimwita hivyo hivyo: "Fundi, chai imepoa."

Sifa yake ilikuwa mkono. Milango ya kambi hupakwa rangi mbili, juu rangi yenyewe na chini nyeusi ya kuficha matope ya viatu. Pale rangi mbili zinapokutana, mafundi wengine huvuta kamba au hubandika karatasi. Fundi alivuta pumzi tu. Alianza upande wa bawaba akatokea upande wa kitasa bila kupumua, na mstari ukatoka umenyooka mpaka unaona haya kuukanyagia matope. Meneja mmoja hakuamini. Akaja na pimamaji, kale kadude kenye povu katikati, akaupima mstari. Povu likakaa kando. Meneja akacheka. Fundi akamwambia apime mlango wenyewe. Mlango ndio ulikuwa umepinda, mstari uliufuata sawasawa. Hiyo hadithi niliisikia labda mara mia mbili, na kila mara meneja alizidi kuwa mnene na povu likazidi kwenda mbali.

"Mkono wangu haujawahi kukosea," alikuwa akimalizia. "Stoo imekosea. Mkono, hapana."

Stoo lazima niieleze, kwa sababu bila stoo huwezi kumwelewa huyu mzee, wala huwezi kujua ni kwa nini mimi nina jina la Kipsigis na ninaabudu Jumamosi.

Kambi yetu ina milango ya kijani na milango ya bluu. Tukiwa watoto tulidhani imekuwa hivyo tangu Mungu aumbe kilima. Fundi ndiye aliyetuambia. Meneja wa kwanza kumwajiri, Mzungu wa soksi ndefu, alikuwa na shida moja kubwa. Jani la chai halingoji. Likiiva leo lichumwe leo, ukilingoja siku mbili limekomaa na kiwanda hakilitaki. Na wachumaji wake wote, Wakipsigis wa hapa hapa, walikuwa Wakristo wa Jumapili. Kwa hivyo kila Jumapili chai ilibaki shambani peke yake ikikomaa, na Mzungu anaitazama kwa dirisha akiwa na huzuni. Halafu akasikia kwamba ng'ambo, kwenye milima ya Wakisii, kuna Wakristo wanaopumzika Jumamosi, na Jumapili kwao ni siku ya kazi kama Jumatatu. Akatuma lori.

"Aliwapenda hao watu!" Fundi alisema. "Aliipenda dini yao kuliko wao wenyewe. Alikuwa amewajengea kanisa kabla hawajashusha sufuria kwa lori."

Watu wa Jumapili nao wakajengewa lao ili wasinung'unike. Mabati sawa sawa. Moja juu kwa kilima, lingine chini kwa mto, na chai yote katikati. Mzungu mwenyewe hakuingia hata moja. Siku zote mbili alikuwa akipiga kampira kadogo kwa fimbo.

Ikabaki shida ya nyapara. Saa kumi na moja alfajiri nyapara anapita akigonga milango watu waamke kazi. Jumamosi agonge watu wa Jumapili peke yao, Jumapili agonge watu wa Jumamosi. Na alfajiri milango yote inafanana. Alipogonga vibaya alisomewa mistari ya Biblia. Meneja akaamuru milango ipakwe rangi: watu wa Jumapili kijani, watu wa Jumamosi bluu. Kwa nini kijani na bluu?

"Tuulize stoo," Fundi alijibu. Kijani kilikuwa kimebaki kwa uzio wa kiwanda. Bluu ilibaki kwa jikoni ya mke wa meneja.

Basi kilichofuata mnaweza kukisia. Jumapili asubuhi watu wa kijani wakipita wamevaa vizuri, wanawaona watu wa bluu wamebeba vikapu mgongoni wanachuma. Wanasema, hawa hawana Mungu. Jumamosi asubuhi watu wa bluu wakipita na Biblia zao, wanawaona watu wa kijani wamebeba vikapu mgongoni wanachuma. Wanasema, lo, hawa hawana Mungu hata kidogo. Kila upande ulikuwa na ushahidi wa macho, kila wiki. Na kwa sababu wa kijani walikuwa Wakipsigis na wa bluu Wakisii, ugomvi wa siku ukawa wa kabila, wa kabila ukaenda mpaka kwa mfereji wa maji, kwa mpira, kwa nani kuku wake ameingia kwa boma la nani. Kiwanda kikafurahi. Hakikuzimwa tena hata siku moja.

Hapo ndipo babu yangu anaingia. Kijani kiliisha kabla laini yetu, safu yetu ya nyumba, haijaisha. Milango sita ya mwisho, ya familia sita za Kipsigis, watu wa Jumapili kabisa, ikabaki mbao tupu. Stoo ikasema kijani kitakuja mwezi ujao. Meneja akasema hataki mbao tupu. Fundi akaipaka bluu. Jumapili iliyofuata nyapara akapita, akaona bluu, akagonga. Babu akatoka akasema anaenda kanisani. Nyapara akamwambia mlango wako unasema unaenda kazi. Na Jumamosi hakugongwa. Akakaa nyumbani, hana kazi, hana kanisa, anaangalia miguu yake. Jumamosi ya tatu akasikia kwaya chini kwa mto, akasema wacha nikaangalie tu. Kulikuwa na chakula. Alikufa akiwa mzee wa kanisa la Jumamosi, na mpaka mwisho aliamini aliona mwanga.

"Aliona bluu," Fundi aliniambia siku ya mazishi yake, mbele ya jeneza. Mamangu alimkata jicho. Lakini Fundi alisema hivyo akilia. Na kijani cha mwezi ujao hakijafika hadi leo.

"Tuulize stoo" ikawa jibu lake kwa kila kitu. Ndoa ikivunjika, tuulize stoo. Waheshimiwa wakitukanana kwa redio, anatikisa kichwa: "Kabla hamjapigana, nendeni mwangalie stoo ilikuwa na nini."

Ukisikia hivyo utadhani alikuwa mzee wa busara. Hapana. Alikuwa na makosa mengi, na mengine aliyapenda. Kilima chote hiki cha chai kilikuwa malisho ya babu yake, kabla kampuni haijaja na kamba na vigingi. Hilo alilisema kwa uchungu wa kweli, sauti inakatika. Sentensi ya pili anamsifu meneja aliyempa brashi ya manyoya ya nguruwe, ati mpaka leo haijatoa unyoya. Waliponyang'anywa njia ya kwenda mtoni, ni yeye aliyeandika kibao: HAKUNA NJIA. Askari wa kwanza kukitumia alikitumia kumrudisha mamake. Mama mzima, mtungi kichwani, akarudi nyumbani mtungi mtupu akauliza ni nani ameandika kile kitu. Alimnyima mursik mwezi mzima, na wewe unajua Mkipsigis bila maziwa yake ya kibuyu anavyokuwa.

"Lakini mama," Fundi alimwuliza, "uliiona ile N?"

Na Wakisii hakuwapenda. Siwezi kumsafisha. Alisema ugali wao ni mgumu, unaweza kuujengea. Alisema wakisalimiana ni kama wanagombana. Alisema mlango wa kijani hudumu kuliko wa bluu, na ukimkumbusha kwamba ni yeye aliyeeleza habari ya stoo, anakujibu, "Rangi ni ya stoo. Kudumu ni tabia."

Jirani yake wa karibu zaidi alikuwa nani? Mama Moraa. Fundi alikuwa na kishamba chake kidogo nje ya uzio wa kampuni, na Mama Moraa alikaa ndani ya uzio, mlango wa saba kutoka mwisho, bluu. Bluu ya halali, mtu asichanganyikiwe. Babake alishuka kwa lile lori. Mama Moraa alizaliwa nyuma ya mlango huo, akaolewa na mwanamume wa laini hiyo hiyo, akafiwa naye hapo hapo, na sasa anamlea mjukuu wake hapo. Amechuma chai tangu vidole vyake vijue kufungua na kufunga.

Kila asubuhi walichokozana juu ya uzio.

"Mzee wa rangi, bado hujafa?"

"Nangoja ugali wako ulainike."

Lakini Jumamosi, siku ambayo Mama Moraa hakuwashi moto kwa sababu ya imani yake, Fundi alivuka uzio kwenda kuomba moto. Kila Jumamosi. Alijua hakuna moto. Alisimama mlangoni akashangaa, "Kwani leo ni Jumamosi?" Kisha akaketi, akapewa chakula cha Ijumaa, baridi, akala mpaka akafuta sahani kwa kidole huku akilaumu. "Chakula baridi. Kama wageni wa matanga."

"Kula upesi," Mama Moraa alimwambia, "uende ukawaambie wenzako tunakula baridi."

Mwaka mmoja wa uchaguzi maneno yalichacha. Waheshimiwa walipita wakisema watu wa milango ya bluu wamekaa vya kutosha, warudi kwao. Vijana wakaanza kunoa vitu. Ila mvua ilikuwa nzuri na majani yalikuwa mengi ajabu. Meneja wa wakati huo, mtu mweusi kama sisi lakini na soksi zile zile, akafunga geti, akaita wachungaji wa makanisa yote mawili, akaleta soda. Kukahubiriwa amani wiki sita. Watu walikumbatiana shambani, vikapu vimejaa. Halafu kiangazi kikaja, chai ikaacha kutoa, geti likafunguliwa na meneja akaenda likizo. Wiki hiyo hiyo nyumba mbili za chini kwa mto zikachomwa. Fundi aliitwa kupaka milango mipya. Alinisimulia akicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Vita vilikuwa vimeombewa ruhusa," akasema. "Vilingoja jani liishe."

Sasa hivi vyote ni vya zamani. Cha juzi ni mashine.

Mashine ya kuchuma chai inabebwa na watu wawili, inanguruma kama pikipiki iliyokasirika, na inafanya kazi ya watu wengi. Wenye kampuni siku hizi ni watu ambao hata meneja huwaona kwa kompyuta tu. Wakasema mikono ipungue. Na mashine, jamani, haina Jumamosi wala Jumapili. Haijali. Mimi nilidhani basi ugomvi wetu umekwisha. Tulitenganishwa ili kiwanda kisilale, sasa kuna kitu kisicholala, hakuna anayehitaji tuchukiane. Nilimwambia Fundi hivyo kwa furaha. Akaniangalia kwa huruma.

"Kijana, watu wakishajua kazi hawaiachi. Sasa mtachukiana bila mshahara."

Na kweli. Meneja akaja akasema kampuni itabakisha wachumaji wachache, wa kuchuma pale mashine haifiki, na ingependa wenyeji wapewe nafasi kwanza. Asiye kwenye orodha arudishe ufunguo wa nyumba mwisho wa mwezi. Mtu akauliza, mwenyeji ni nani? Meneja akasema kwa upole kwamba hilo kampuni haiwezi kuwaingilia. Akapandisha kioo cha gari.

Tukaunda kamati. Mwenyekiti alikuwa mtu mzuri tu, mwenye wasiwasi, ana vijana wawili nyumbani bila kazi. Alikuja kutoka Chebunyo juzi juzi, akanunua robo ekari, lakini anaongea Kipsigis kwa sauti kubwa, kwa hivyo hakuna aliyemwuliza ni mwenyeji wa wapi. Kamati ilijaribu kupima wenyeji kwa lugha, ikashindwa, kwa sababu watoto wote wa kambi wanaongea lugha zote. Ikajaribu kwa majina, ikakuta mabinti wa kijani wameolewa bluu na wa bluu wameolewa kijani. Mwishowe wakatoa kanuni, na walijivunia kwa kuwa haina upendeleo: mwenyeji ni yule ambaye mzee wake alipewa mlango wa kijani. Ile sita ya mwisho ihesabiwe kijani, kwa kuwa stoo ilikosea. Na shahidi wa milango ni Fundi, ndiye pekee aliye hai.

Yaani mimi nikawa mwenyeji kwa sababu rangi iliisha. Mama Moraa, mlango mmoja kabla yangu na wenzangu, akawa mgeni.

Siku mbili kabla ya kikao cha ushahidi Fundi alinituma nimwitie Mama Moraa kwenye uzio. Nikabaki hapo, kwa sababu hakuna aliyenifukuza.

"Mama Moraa, nimefikiria. Nitawaambia milango ilikuwa saba."

"Ilikuwa sita."

"Najua ilikuwa sita, nilipaka mimi! Nitasema saba. Wako uwe wa makosa."

Mama Moraa akaweka kikapu chini polepole. "Babangu alipewa ule mlango kwa haki yake. Alishuka kwa lori na Biblia kwa kwapa. Leo useme alikosewa na brashi? Mimi nikae kwa nyumba nikiwa kosa lako?"

"Utakaa kwa nyumba."

"Sitaki huruma yako, Fundi."

"Basi enda kwenu Nyamira!"

Alipotamka hivyo nikaona aibu imempanda mpaka masikioni.

"Nyamira nikienda," Mama Moraa akasema, "wananiita Mkipsigis. Shamba la babangu waligawana wajomba wa watu. Mjukuu wangu hajui hata njia ya kwenda." Akabeba kikapu. "Lakini usiseme uongo juu ya babangu."

Kikao kilikuwa Jumatano saa nne, kwenye holi ya kambi. Ilikuwa mara ya kwanza kijani na bluu kuketi pamoja asubuhi ya siku ya kazi, kwa kuwa kazi haikuwepo. Nje mashine inanguruma. Mwenyekiti akamwita Fundi mbele, akauliza jina, ingawa anajua halitumiki.

"Fundi, utaapa?"

"Niape kwa nini? Ni habari ya rangi."

"Sawa. Milango ya bluu ya makosa ilikuwa mingapi?"

Fundi akaangalia mikono yake. Sijawahi kumwona akiiangalia hivyo, kama vyombo vya mtu mwingine.

"Saba."

Holi ikavuma. "Saba? Miaka yote si umekuwa ukisema sita?"

"Nilikuwa naona aibu. Sita ilikuwa ya stoo. Wa saba ulikuwa wangu. Kijani kilikuwa bado kipo. Nilichovya brashi kwenye mkebe usio wenyewe, sikuangalia, nikapaka mlango mzima."

"Wewe?" Mwenyekiti akasema. "Wewe ukose mlango mzima?"

"Alikuwa amelewa!" mtu akapiga kelele nyuma, kwa mzaha tu.

Fundi hajawahi kuonja pombe. Hata ile ya harusi alikuwa akimwaga chini ya kiti.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa nimelewa."

Watu wakacheka mpaka mabati yakatetemeka. Mzee wa povu la pimamaji, amelewa, anapaka mlango usio wenyewe! Fundi akasimama katikati ya kicheko hicho, ameinamisha kichwa. Hapo Mama Moraa akaruka juu.

"Ni uongo!"

Na kwa kuwa alikuwa na hasira kweli, hasira ya kutoka tumboni, hakuitafutia Kiswahili. Ilitoka kwa Kipsigis. Aliwaeleza kwamba yeye ni Mkisii, binti wa Mkisii, kwamba babake hakukosewa na mtu, kwamba hataki nyumba ya kuombewa. Lakini aliyasema kwa Kipsigis cha ndani kabisa, kile cha nyanya zetu, chenye maneno ambayo Mwenyekiti mwenyewe ilibidi amwulize jirani. Aliwaapiza kama mama wa hapa anavyoapiza. Wazee wa mbele wakaanza kutikisa vichwa, tena wa kukubali. Mmoja akafuta macho.

"Umesikia huyo?" akamwambia mwenzake. "Huyo ni wetu."

"Mimi ni Mkisii!" Mama Moraa akapaza, kwa Kipsigis.

"Keti, mama, umetosha," Mwenyekiti akamwambia kwa heshima. Akaandika. Mlango wa saba, kijani.

Mama Moraa hakumsemesha Fundi miezi miwili. Jumamosi aliacha chakula juu ya uzio, kimefunikwa, akaingia ndani. Fundi alikula akiwa amesimama upande wake, bila kulaumu kitu.

Sasa mngedhani yameisha. Familia tatu kati ya zilizokosa orodha, za bluu halali, hazikukubali, na siwalaumu, ningekuwa wao ningefanya hivyo hivyo. Walimwambia Mwenyekiti kwamba mtu mwenye mkono kama ule hawezi kukosa mlango mzima, hata akiwa amelewa. Wakaenda kumwonyesha kazi zake zote kituoni, kwenye maduka: duka la dawa, mlango wa posho mill, ubao wa shule. Mistari yote imenyooka. Kamati ikasema inaangalia. Fundi akionekana kwamba hakosei, basi orodha ifunguliwe upya, na mlango wa saba urudi bluu.

Mimi nilikuwa na ndoto zangu. Nimewahi kutaka kuwa na redio yangu, hoteli ya ghorofa, na sinema ya kuonyeshea nje. Kilichowezekana ni kibanda cha kinyozi pale kituoni, mbao na mabati mawili. Nikataka kipakwe njano, kwa kuwa njano haikuwa ya mtu yeyote. (Siku ya kwanza nikaambiwa ni ya chama fulani. Sawa tu.) Nikamwendea Fundi. Nilimkuta amekonda, brashi imefungwa kwa gazeti.

"Unanitaka mimi? Hujasikia ninavyopaka?"

"Nakutaka wewe."

Alikuja Ijumaa ya soko, saa sita mchana, watu wamejaa barabarani. Akapaka njano juu, nyeusi chini. Ikabaki ile sehemu zinapokutana. Mwenyekiti akatoka kwa hoteli ya ng'ambo na kijiti kwa meno, akasimama kutazama. Mmoja wa zile familia tatu akasimama kando yake na simu mkononi, tayari kupiga picha.

Fundi akavuta pumzi akaanza. Mstari ukatoka umenyooka. Nikamwona anashtuka, anaufuta kwa kitambaa, anaanza tena. Ukanyooka tena. Akahamisha brashi mkono wa kushoto. Hata wa kushoto, ninaapa, ulinyooka, akaufuta nao. Jasho lilikuwa linamtoka kama mtu anayebeba gunia.

Mama Moraa akapita na kikapu, anatoka shambani. Akasimama. Akamtazama Fundi, akamtazama yule wa simu. Akaweka mkono kiunoni.

"Hebu oneni!" akapaza kwa Kiswahili, kituo kizima kisikie. "Mtoto wa chekechea anapaka kuliko huyu! Ndiyo maana alimharibia babangu mlango!"

Watu wakacheka. Fundi hakugeuka, lakini masikio yake yalisogea kidogo, kama mtu anayetabasamu upande usioonekana. Akaniita kwa chini.

"Kijana. Nigonge kiwiko."

Nikamgonga, mgongo wangu ukiwaziba walio ng'ambo. Brashi ikaruka, mstari ukashuka kama njia ya mbuzi. Ng'ambo Mwenyekiti akatikisa kichwa, akamwambia yule wa simu neno, akarudi ndani kumaliza chai.

Fundi akarudi nyuma hatua nne, akafumba jicho moja.

"Umepinda?" akaniuliza.

"Umepinda sana, Fundi."

"Bado. Mtu akipita kwa pikipiki hatauona." Akachovya brashi, akaniegeshea kiwiko karibu. "Gonga tena."